Kuzunguka Dar kwa kufuata nukta za bahati nasibu: kuna aliyejaribu, au nitaitiwa mwizi?

MtuWaSegerea (mleta mada)

Wakuu habari za humu.

Mi naishi Segerea, kazi iko Posta, na kiukweli Dar ninayoijua ni ile inayopita dirishani mwa daladala, Tabata, Buguruni, Kariakoo, Posta, jioni nageuza, Jumapili kanisani halafu mpira kwa jirani, basi. Juzi mtu ananielekeza kwake Kifuru nikamuuliza huko bado ni Dar au ni Pwani, alicheka mpaka nikaona aibu, maana Kifuru toka kwangu bodaboda haitumii hata muda.

Sasa kuna mchezo nimeuona mtandaoni, simu inakuchagulia sehemu yoyote kwenye ramani karibu na ulipo, yaani yoyote kweli, sio hoteli sio bichi, nukta tu, halafu unaenda kuangalia kuna nini. Wenzetu huko nje waliufanya sana kipindi cha korona. Nimeupenda kwa sababu hauniulizi napenda nini, nikijiuliza mwenyewe nitaishia Coco Beach kula mihogo na nyomi yote ya Jumapili.

Kuna mtu humu kashaufanya hapa Dar? Natumia programu gani, na isiyokula bando? Ila kinachonipa wasiwasi zaidi ni hiki, umefika kwenye nukta, kumbe ni uchochoroni au uani kwa mtu, umeshika simu unazunguka zunguka, anatoka mtu anakuuliza "unatafuta nani?" Unamjibu nini? Ukisema simu ndo imenileta hapa si unaitiwa mwizi?

---

KijiweChaKahawa

Hahaha mkuu una muda wewe. Wenzio tukibaki na nauli ya ziada tunaongezea mboga.

---

Kalkuleta_ya_Form_Four

Mleta mada programu sio lazima, tena nakushauri usianze nayo. Tafuta ile kalkuleta ya sayansi tuliyoingia nayo kwenye mtihani wa kidato cha nne, ile Casio, ina kitu kinaitwa Ran#, ukibonyeza inakupa desimali ya tarakimu tatu, mfano 0.437. Haili bando na haijui unakaa wapi.

Dar tumekaa pazuri kwa huu mchezo kwa sababu tuko jirani na ikweta. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na ya longitudo kwetu inapungua kidogo sana, bado ni kilomita 110 hivi, kwa hiyo ukichukua digrii 0.1 kwa 0.1 unapata boksi la kilomita 11 kila upande, karibu mraba kabisa. Mtu wa London hana hiyo bahati, boksi lake linatoka jembamba.

Boksi lako la kwanza ni latitudo -6.8 hadi -6.9 na longitudo 39.2 hadi 39.3. Humo kuna Tabata, Buguruni, Vingunguti, Kariakoo, Temeke, na Posta yako yenyewe. Ukisogea magharibi, 39.1 hadi 39.2, unaingia Kinyerezi na Gongo la Mboto, we Segerea uko mpakani mpakani. Bonyeza Ran# mara mbili. Ya kwanza ikitoka 437 unazibandika tarakimu nyuma ya -6.8 inakuwa -6.8437, ya pili ikitoka 218 inakuwa 39.2218. Andika kwenye Google Maps -6.8437, 39.2218 umemaliza (huo ni mfano, usije ukaenda halafu ukanilaumu). Tarakimu ya mwisho ikibadilika kwa moja umesogea kama mita 11, kwa hiyo hupewi mtaa, unapewa kibanda.

Angalia alama ya kutoa, watu wengi wanaidharau. Ukiisahau hapo mbele ya 6 ramani inakupeleka Ethiopia. Na ukigeuza mpangilio, ukaanza na 39 halafu ndo -6, unatua Hispania karibu na mpaka wa Ureno, nauli yake sidhani kama unayo.

Wanaopenda duara badala ya boksi (mfano "popote ndani ya kilomita 10 kutoka kwangu") kuna mtego mwingine. Ukichagua umbali kwa bahati nasibu na mwelekeo kwa bahati nasibu unaona umetenda haki, kumbe nukta zinajazana karibu na kwako. Nusu ya nukta zote zitaangukia ndani ya zile kilomita 5 za mwanzo wakati eneo la humo ni robo tu ya duara. Dawa ni kuchukua kipeuo cha pili cha Ran# ndo uzidishe na 10. Hesabu za form four hizo, tulikuwa tunauliza zitatusaidia nini maishani, haya.

---

NyotaYangu_Sitoi

Muwe makini na hizi programu ndugu zangu. Unaambiwa fungua, weka nia moyoni, halafu nenda sehemu usiyoijua peke yako. Wewe uliona wapi mchezo unaanza kwa kuweka nia? Hapo nyota inachukuliwa hujui. Mi nimemaliza.

---

Fundi_Simu_Kkoo

Mkuu hapo juu nyota yako iko salama, ila hujakosea kuhusu hiyo nia. Programu yenyewe inaitwa Randonautica, ilitoka 2020 na ikalipuka mwaka huo huo watu wakiwa wamefungiwa ndani. Kweli inakuambia fikiria kitu kabla hujapewa nukta, na wenyewe wanadai fikra zako zinaweza kuzivuta zile namba. Ushahidi wa hilo hakuna. Ukitoka nyumbani unawaza rangi nyekundu utaona nyekundu njia nzima, na Dar hii yenye mabango ya soda kila duka utarudi unashuhudia miujiza.

Kilichoifanya iogopwe ni tukio la Seattle, Marekani, Juni 2020. Vijana walikuwa wanafuata nukta wakaikuta begi ufukweni, kulifungua ndani kuna mabaki ya watu. Hilo lilitokea kweli, polisi walikuja, ikawa kesi ya mauaji. Lakini fikiria ni watu wangapi duniani walikuwa wanatembea nayo kipindi kile wakakuta shimo la taka na mbuzi, hao hawakutangazwa.

Kama ni bando, pakua ramani ya Dar nje ya mtandao ukiwa kwenye waifai, GPS haihitaji bando, inasoma satelaiti moja kwa moja. Unachohitaji ni chaji.

---

Dada_wa_Rangi_Tatu

Mleta mada umeuliza swali la maana ila umelitaja mwishoni. Masuala ya programu na kalkuleta ni ya kukaa kwenye kochi. Ukishatoka nje kazi yote ni hiyo "unatafuta nani".

Mi nafanya hii kitu na mdogo wangu, tunakaa Mbagala kwa hiyo boksi letu limelalia kusini, Chamazi, Mbande, Kongowe, na tukiwa na hela tunavuka mpaka Kigamboni. Kitu cha kwanza ujue, nukta yenyewe mara nyingi sio kitu. Ni ukuta, ni shimo la mchanga, ni mwembe, ni choo cha mtu samahani. Utamu uko kwenye kufika, maana ukijipangia mwenyewe utafuata barabara, nukta haijui barabara, inakulazimisha upite katikati ya watu, ushuke korongo, uulize. Mi nilikuwa najua Mbagala ni lami na mchanga mpaka nukta zikaanza kunipitisha kwenye mashamba ya mchicha yaliyojificha nyuma ya nyumba, kuna mtaa mzima wanafyatua tofali tu toka mwanzo hadi mwisho, kuna sehemu wanaotesha miche na maua ya kuuza ambayo nikiwa kwenye daladala naionaga mgongoni nikidhani ni uzio wa mtu.

Sasa jibu la swali lako. Usisimame juu ya nukta. Nukta ni ya kukupeleka pale, ukishafika mita hamsini jirani weka simu mfukoni, angalia kama kuna genge, mama lishe, muuza kahawa, kibanda cha chipsi, chochote kinachouzwa, nunua kitu kaa kwenye benchi. Mtu anayekula vitumbua hamna anayemuuliza anatafuta nani, na hata akiulizwa anaulizwa kwa heri. Hapo unaweza ukasema ukweli wote, natembea tu nijue mitaa, wataona una mambo yako ya ajabu ila watacheka na watakuonyesha vitu ambavyo ramani haina. Sehemu isiyo na chochote cha kununua kwa kweli sisi hatukai, tunapita tunaondoka.

Kigamboni ni stori nyingine. Ukipita kule ndani ndani, Kibada kwenda mbele, unapita kuta na kuta zimeandikwa SHAMBA HILI HALIUZWI, KIWANJA HIKI HAKIUZWI, OGOPA MATAPELI, na chini ya kila mti kuna dalali. Wanawake wawili wamevaa vizuri wanatembea wanaangalia ramani, hapo hata useme nini umeshakuwa mnunuzi. Tulitembezwa viwanja asubuhi nzima, tukaonyeshwa bikoni, tukaambiwa umeme unakuja mwezi ujao. Nukta yetu tuliipita hivi hivi dalali akiwa mbele.

Kwa upande wa usalama, asubuhi tu, tukizidi sana saa tano tunageuza. Lokesheni ya muda wote tunamtumia kaka. Pochi tunaacha nyumbani. Na masika usifuate nukta yoyote ya bondeni, iwe Msimbazi, iwe Mzinga, hata kama ramani inaonyesha njia, ile njia iko chini ya maji.

---

MtuWaSegerea

Dada umenisaidia sana. Ila hilo la ukweli bado linanisumbua kidogo, si bora nikasema natafuta chumba cha kupanga? Ni uongo mdogo na hauna madhara.

---

Mjumbe_Mstaafu

Kijana usiseme unatafuta chumba. Nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa vipindi viwili, acha nikuambie inavyoonekana kwa upande wa pili.

Ukisema chumba utapelekwa kwenye chumba. Na kitakachofuata utaulizwa umetumwa na nani, unafanya kazi wapi, una familia, sasa uongo mmoja unazaa mwingine na hapo watu wameshakusanyika. Mtaani mgeni hachukiwi, kinachoogopwa ni mgeni ambaye maneno yake hayakai sawa.

Halafu muelewe watu wanaogopa nini. Sio mwizi peke yake. Mtu mwenye simu anayeangalia ramani, anaangalia nyumba, anaangalia ramani tena, huyo kwetu ni mpimaji. Na mpimaji maana yake barabara inapita hapa, au kiwanja kimeuzwa mara mbili. Waliokuwa wanakaa Kimara 2017 barabara ya Morogoro inapanuliwa wanajua ilianzaje, ilianza na watu wa kuangalia angalia, baadaye ikaja X nyekundu ukutani, baadaye greda. Kwa hiyo bibi akikuuliza unatafuta nani sio kwamba ana roho mbaya, anauliza kama nyumba yake itakuwepo mwakani.

Mwaka 2022 tulikuwa na afadhali, kulikuwa na vijana wa anwani za makazi na baada ya hapo sensa, mtu akiwa na kishkwambi mtaani alikuwa ana sare, ana kitambulisho, na mjumbe anatembea naye. Wewe huna sare. Kwa hiyo salimia kwanza. Salimia kila mtu, hasa wazee, shikamoo yako iende mbele yako. Kama eneo ni la ndani sana pita ofisi ya serikali ya mtaa useme nimekuja kutembea, watashangaa lakini watakujua, na kikitokea kitu utakuwa na mtu wa kusema huyu tumemuona.

Maeneo ya jeshi usikaribie hata kama nukta imeanguka nje ya ukuta. Usipige picha. Vile vibao havikuwekwa kwa mapambo. Hivyo hivyo magereza, reli ya SGR na bandarini. Nukta ikiangukia huko bonyeza tena.

---

KijiweChaKahawa

Mzee ukipita ofisini si unaambiwa utoe hela ya soda?

---

Mjumbe_Mstaafu

Mimi sikuwahi kuomba soda. Wengine siwasemei.

---

Mwana_wa_Ngambo

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, nachangia kidogo maana naona mnasema Dar tu.

Huku hii kitu ina faida moja kubwa, inakutoa Mji Mkongwe. Mgeni akija Zenji, hata Mtanganyika mwenzetu, anazunguka Forodhani, Darajani, vichochoro vile vile, anasema ameiona Zanzibar. Bonyeza nukta kwa haki uone, mji mkubwa wote uko Ng'ambo. Itakutupa Michenzani kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi, itakutupa Kwahani, Amani, Magomeni (na sie tunayo Magomeni), pahala ambapo mtalii hafiki na hakuna anayekuuzia chochote cha ukumbusho. Mie nimezaliwa huko na bado nukta imenipeleka mitaa nikauliza hapa panaitwaje.

Hayo ya kuogopa kuulizwa, huku shamba ukiingia uani kwa mtu bila kupiga hodi hapo umekosa adabu na utaambiwa. Ukipiga hodi ukangoja, ukaeleza, aghlabu utapewa dafu. Nguo za kustahi, na wakati wa sala usizurure mbele ya msikiti na simu mkononi.

Lakini tahadhari kwa upande wa mashariki na kusini ya kisiwa. Ardhi ya kule ni mawe ya matumbawe makali, juu vichaka vimefungana, kwenye ramani unaona mita mia mbili tu toka barabarani, mita mia mbili hizo utazitembea mpaka adhuhuri na viatu vimekwisha. Mie huko nukta naiangalia kwa mbali naipungia mkono narudi.

---

Mbongo_Glasgow

Kuna njia moja hamjaitaja na inawahusu nyie wa Dar na huyo ndugu wa Unguja kwa pamoja. Inaitwa geohashing, ilianzia kwenye katuni moja ya mtandaoni ya Kimarekani Mei 2008. Inachukua tarehe ya siku na namba ya kufungulia ya Dow Jones (kipimo cha bei za hisa) kule New York, inavipitisha kwenye fomula ya kompyuta inaitwa MD5, zinatoka desimali mbili, unazibandika kwenye digrii zako. Maana yake kila mtu aliye ndani ya digrii moja anapata nukta moja siku hiyo, mnaweza mkakutana hamjuani. Huku tuliko, na nyie pia, tunatumia bei ya siku iliyotangulia, maana soko la New York linafunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa za Dar, au saa kumi na moja na nusu kutegemea majira yao, ukisubiri ya leo jua limezama.

Sasa digrii ya Dar ni 6 kusini na 39 mashariki, na ndani ya boksi hilo hilo iko Stone Town na kusini yote ya Unguja. Yaani Segerea na Ng'ambo mnapewa nukta moja. Tatizo lake sehemu kubwa ya hilo boksi ni bahari.

Kuna na wale wa digrii kamili, mradi ulianzishwa 1996 na Mmarekani Alex Jarrett, wanataka mtu afike kila sehemu ambapo mstari wa latitudo na wa longitudo zinakatana bila desimali, apige picha. Hapo hakuna bahati nasibu ila roho ni ile ile. Ya karibu na nyie ni 7 kusini 39 mashariki, iko wilaya ya Kisarawe, ukitoka mji wa Kisarawe unaelekea kusini magharibi. Jumamosi moja inatosha.

Mi mwenyewe huku Scotland naenda sana. Sheria ya 2003 inakuruhusu kupita karibu ardhi yoyote hata ya mtu binafsi ilimradi usiharibu na usiingie uani kwake, kwa hiyo unakata mashamba ya watu na kondoo wao hamna shida. Ila nawaambia ukweli nikisoma mnavyolalamika kuulizwa "unatafuta nani" naona wivu. Huku natembea kutwa nzima narudi nyumbani sijaongea na mtu hata neno, labda mbwa wa mtu.

---

Dada_wa_Rangi_Tatu

Pole kaka. Njoo Mbagala, utaulizwa mpaka kabila la bibi yako.

---

Tegeta_Darajani

Mi sina kalkuleta wala nini, natumia shilingi mia mbili. Nashuka daladala kituo chochote, kila njia panda narusha, Karume kushoto, simba kulia. Sheria yangu moja, nikiona njia inaishia kwenye geti la mtu nageuza.

Hii ilinipeleka Kunduchi kwa ndani kule, nikatokea kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili wa zamani katikati ya mibuyu, makaburi yaliyokuwa yamepachikwa vyombo vya kauri vya Kichina, nguzo zake ndefu hizo. Nakaa Tegeta miaka yote, wageni wangu nawapeleka kwenye bembea za maji za pale pale Kunduchi, hamna siku nimewapeleka pale. Na nilikuwa nadhani vitu vya namna ile ni vya Kilwa na Bagamoyo tu.

Ubaya wa shilingi ni kwamba inakuzungusha. Unaweza ukarusha saa nzima ukajikuta umetokea kituo kile kile ulichoshukia, konda anakuangalia.

---

Kalkuleta_ya_Form_Four

Mkuu hiyo ni kawaida, ukitembea kwa kurusha shilingi umbali unaoupata kutoka ulipoanzia unaongezeka taratibu sana. Ukikata kona mia moja huendi mbali mara mia, unatarajia kama mara kumi tu. Kama unataka kufika mbali tumia nukta, kama unataka kuujua mtaa mmoja vizuri shilingi iko sawa kabisa. Tena kwa mtu wa Kariakoo ningesema shilingi.

---

Fundi_Simu_Kkoo

Kariakoo ukirusha shilingi njia panda unagongwa na mkokoteni kabla haijatua.

---

MtuWaSegerea

Wakuu nimeazima kalkuleta ya mtoto wa jirani, nimeanza sasa hivi. Ya kwanza imeangukia katikati ya uwanja wa ndege, nimeitupa. Ya pili nimechukua boksi la magharibi, imetoka upande wa Bonyokwa, nikiisogeza picha ya satelaiti naona kama bonde halafu mapaa kwa juu. Bonyokwa naisikia kwenye matangazo ya viwanja tu. Naenda Jumamosi asubuhi. Kuna anayepajua?

---

Mjumbe_Mstaafu

Bonyokwa kwako ni jirani kijana, bodaboda kutoka hapo Segerea inakufikisha. Ni milima na mabonde kwelikweli, kwa hiyo usiangalie umbali wa kwenye ramani, kilomita moja ya kule unapanda na kushuka. Ikiwa imenyesha Ijumaa usiku ahirisha, udongo wake unateleza na bodaboda wenyewe wanashusha abiria atembee. Shukia kwenye barabara inayokwenda Kimara halafu uingie kwa miguu, usimwambie bodaboda akupeleke kwenye namba, hatakuelewa na atakuzungusha.

---

Dada_wa_Rangi_Tatu

Vaa raba, sio sendo. Na chenji ndogo ndogo, mama wa vitumbua asubuhi hana chenji ya elfu kumi.

---

MtuWaSegerea

Sawa dada, sawa mzee, asanteni. Kama kuna mwingine wa Segerea au Kinyerezi anataka kuungana aje PM, tukiwa wawili ni rahisi zaidi.

---

KijiweChaKahawa

Mimi siji ila ukifika huko Bonyokwa niulizie kiwanja cha ishirini kwa ishirini kinakwendaje siku hizi, na uangalie kama gari inafika.